Askari wa Akiba Arudipo Nyumbani





Tarehe 2 Novemba ya kila mwaka Kanisa letu huwakumbuka Marehemu Wote. Majina husomwa mpaka miguu ya wazee inachoka, na kila mtu hutega sikio alisikie jina la mama yake au la mtoto wake. Sisi tuliokwisha kula chumvi nyingi twaikumbuka tarehe hiyo kwa jambo jingine pia. Ilikuwa 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliposema na taifa, akatueleza kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo twauita Kagera, na kwamba nchi itapigana nayo. Wakati huo tulikuwa tukijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Redio ya mwalimu mkuu iliwekwa dirishani, nasi tukasimama uani kimya, tukiwaza, kwa utoto wetu, kwamba labda mtihani utafutwa.

Waliokufa katika vita ile wanakumbukwa, na ndiyo haki yao. Makaburi yao yako Kaboya, wilayani Muleba, na tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Leo twataka kusema habari za watu ambao majina yao hayasomwi, kwa sababu hawakufa. Walirudi. Tena katika hao tutawaacha kando askari wa jeshi la kudumu, tuseme habari za askari wa akiba, yaani mgambo.

Kijana wa leo akisikia neno "mgambo" humfikiria yule anayewafukuza wauza mboga kando ya barabara. Zamani zile haikuwa hivyo. Baada ya TANU kutoa Mwongozo wake mwaka 1971, watu wazima vijijini na viwandani walianza kufundishwa ulinzi. Jioni, jembe likiisha kuwekwa chini, walijipanga kwenye uwanja wa shule na bunduki za mti begani, kushoto-kulia, kushoto-kulia, baba wa watoto sita akikosea mguu na sisi watoto tukicheka nyuma ya michungwa. Vita ilipokuja, serikali iliagiza mikoa itoe watu. Wale tuliowacheka wakapanda malori kwa maelfu: mkata mkonge, fundi cherehani, karani wa kijiji, mzee wa kanisa. Walipata mafunzo ya haraka haraka, kisha wakaenda Kagera, kisha kwa miguu mpaka Masaka, na wengine mpaka Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Basi, ndugu, fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 20, mstari wa 5 hadi wa 8. Jeshi la Israeli la siku zile lilikuwa mgambo mtupu. Wafalme wenye kambi na askari wa mshahara walikuwa bado hawajatokea. Na sheria yasema kwamba kabla ya vita wasimamizi wasimame mbele ya watu wawaulize. Nani amejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu? Arudi. Nani amepanda mizabibu na hajala matunda yake? Arudi. Nani amechumbia na hajaoa? Naye arudi. Mwisho wanamtafuta mwenye hofu, yule ambaye moyo wake umelegea, naye anaambiwa arudi nyumbani, asije akailegeza mioyo ya ndugu zake. Gideoni alimruhusu mwenye hofu vivyo hivyo, na kati ya watu 32,000 waliorudi walikuwa 22,000. Sisi sote twapenda kuhubiri juu ya wale 300 waliobaki mwisho. Tumekaa kanisani miaka zaidi ya 60, na hatujasikia hata mara moja mahubiri juu ya wale 22,000, ambao Mungu hakuwatukana wala hakuwaita wanawake.

Twaona nini hapo? Mungu ajua kwamba mkulima haendi vitani peke yake. Anakwenda na nyumba yake kichwani. Anawaza paa ambalo halijaezekwa, ng'ombe mwenye mimba, mke aliyebaki na deni la duka. Askari wa kudumu naye ana mke na watoto, hatukatai, lakini huyo alikwisha kuagana na nyumbani tangu alipoandikwa jeshini, na mkewe alijua ameolewa na nani. Mgambo anaitwa Jumatatu, Alhamisi hayupo.

Sasa yatupasa kueleza jambo ambalo tumelibeba muda mrefu, nalo si la kutupatia sifa.

Mwaka 1982 tulitoka chuo cha ualimu tukapangiwa shule moja ya msingi ya kijijini. Tulikuwa na mashati mawili meupe, tai moja, na daftari nene la somo la saikolojia tulilolitunza kama Biblia. Katika darasa la tatu kulikuwa na mvulana aliyekuwa akisinzia. Hakusinzia kila siku. Alisinzia sana wakati wa masika. Daftari letu lilisema mtoto anayesinzia huenda ana malaria, minyoo au njaa. Tulimpeleka zahanati. Malaria hana, minyoo hana. Basi tukakata shauri kwamba ni mvivu. Tukamchapa. Tukamchapa mara ya pili na ya tatu, mbele ya wenzake, tukimwambia kwamba nchi haijengwi na watu wanaolala.

Siku moja mama yake akaja. Alisimama nje ya mlango wa darasa, kanga begani, akangoja mpaka kengele ikalia. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema polepole, "Mwalimu, mwanangu usimpige. Sisi usiku wa mvua hatulali ndani."

Mumewe alikuwa mgambo. Alikwenda vitani mwisho wa mwaka 1978 akarudi mwaka uliofuata. Mvua ilipoanza kupiga bati usiku, yeye alisikia milio ya ile mizinga ya maroketi iliyoitwa saba saba. Aliruka kitandani, akawazoa watoto wake watatu, akatoka nao nje mbio mpaka kwenye handaki alilolichimba mwenyewe nyuma ya migomba. Humo walikaa, maji yakiwafika kwenye ugoko, mpaka mvua ikatike au kupambazuke. Hakuwapiga watoto wale. Aliwafunika kwa mwili wake. Asubuhi mama aliwabadilisha nguo, akampeleka mvulana shuleni, nasi tukampokea na fimbo.

Neno moja alilolisema mama yule hatukulielewa siku hiyo. Alisema kwamba mumewe hakurudi hivyo. Aliporudi alikuwa mzima na mchangamfu. Watu walimbeba juu juu kutoka barabarani. Ngoma ilipigwa. Kila jioni uani kulijaa wanaume, akawasimulia jinsi walivyotembea mpaka miguu ikavimba, na jinsi watu wa Uganda walivyowapokea kwa ndizi na maji. Kisha msimu ukapita. Sukari na sabuni zikaadimika madukani, kila mtu akashughulika na foleni yake, na hakuna aliyekuja tena kusikiliza habari za Masaka. "Ndipo yalipoanza," mama akasema. Usingizi ulipotea kwanza. Halafu hasira, halafu gongo, halafu lile handaki.

Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia asali sana. Neno lenyewe si baya, lakini tulilisema ili aondoke, maana kipindi kingine kilikuwa kinaanza.

Miaka mingi ilipita. Tulikuwa tumekwisha kustaafu wakati binti yetu, ambaye ni muuguzi, alipotuletea makala za madaktari wa Marekani na Uingereza juu ya askari wao waliokwenda Iraq. Tulizisoma kwa miwani na kamusi, siku tatu. Huko nako wana askari wa akiba: mtu ni fundi bomba au mwalimu, siku za mapumziko anafanya mazoezi ya jeshi, na vita ikitokea anaitwa. Wamarekani waliwapima askari 88,235 waliotoka Iraq. Waliwauliza mara ya kwanza walipofika tu nyumbani, na mara ya pili baada ya miezi mitatu mpaka sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Mara ya kwanza, askari wa kudumu na askari wa akiba walikuwa karibu sawa. Mara ya pili wakaachana sana. Vipimo vyote viwili vilipojumlishwa, madaktari waliona kwamba kati ya kila askari wa kudumu 100, watu 20 walihitaji matibabu ya akili. Kati ya askari wa akiba 100, walikuwa 42.

Tulipofika kwenye hesabu hiyo tuliweka makala chini, tukatoka nje tukatazama migomba. Mama yule alituambia jambo lile lile mwaka 1982, mlangoni mwa darasa, bila kupima mtu yeyote.

Lakini tuseme haki. Madaktari wenyewe wanaonya kwamba huenda sehemu ya tofauti hiyo ina sababu ya kibinadamu tu: askari wa akiba wa Marekani hupoteza haki ya kutibiwa na jeshi muda fulani baada ya kurudi, kwa hiyo wengine hujitahidi kusema maumivu yao mapema kabla mlango haujafungwa. Hata hivyo Waingereza nao, wenye matibabu ya bure kwa kila mwananchi, waliona jambo linalofanana na hilo. Wataalamu wa King's College London walitoa habari zao mwaka 2006. Kwa askari wa kudumu, kwenda Iraq hakukuongeza kwa kiasi kikubwa magonjwa ya akili ya kawaida. Kwa askari wa akiba kuliongeza: kati ya waliokwenda, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na dalili, na kati ya wenzao wa akiba ambao hawakwenda, kama mmoja katika kila sita.

Tunaposema magonjwa ya akili ya kawaida, msifikirie mtu anayeokota makopo barabarani. Ni ile huzuni isiyoondoka, wanayoiita sonona, inayomnyang'anya mtu usingizi, hamu ya chakula na furaha ya kuwaona wanawe. Ni ule wasiwasi uliopita kiasi, moyo kwenda mbio bila kukimbizwa. Hayo huwapata hata watu ambao hawajawahi kushika bunduki, wakulima na walimu, na mapadre pia. Kiwewe cha vita ni kingine, ndicho kinachorudisha mlio na harufu na kuviweka mbele ya mtu kana kwamba ni sasa. Mzee wetu wa handaki, kwa tunavyoelewa leo, alikuwa na vyote.

Kwa nini basi askari wa akiba aumie zaidi? Risasi ni zile zile. Wataalamu wale wa London walichunguza wakaona mambo kadhaa: kazi alizopewa mtu, mambo ya kutisha aliyoyaona, na kwamba mara nyingi alitiwa katika kikosi cha watu asiowajua. Lakini kwa upande wa kiwewe, lililoonekana kuwa na nguvu ya pekee ni matatizo ya nyumbani alipokuwa mbali. Hapo ndipo tulipoikumbuka Kumbukumbu la Torati, nyumba isiyowekwa wakfu na shamba ambalo halijavunwa. Utafiti mwingine wao, wa mwaka 2011, uliangalia kurudi kwenyewe. Askari wa akiba alisema mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa kudumu kwamba jeshi halikumsaidia aliporudi, na kwamba ni vigumu kurudia maisha ya watu. Wale waliojiona wameachwa ndio waliokuwa na kiwewe zaidi, na ndio waliokunywa pombe kupita kiasi.

Fikirini, ndugu. Askari wa kudumu akitoka vitani anarudi kambini. Usiku akipiga kelele, jirani yake wa kitanda naye alikuwepo Lukaya. Hana haja ya kuelezwa. Asubuhi kuna gwaride, kuna daktari wa kikosi, kuna mzaha ambao raia hawezi kuucheka. Mgambo hana kambi. Anashushwa kituo cha basi na mfuko wake, na kuanzia hapo yeye ni baba fulani, jembe lake liko pale pale alipoliacha, na kijiji kizima hakuna hata mtu mmoja aliyeona alichokiona. Akikaa kimya wanasema ana kiburi. Akisimulia mara ya tatu wanasema anajisifu. Akinywa, basi amekuwa mlevi, jambo ambalo sisi watu wa kanisa tunalijua namna ya kulihukumu.

Iko sura moja katika Hesabu, ya 31, ambayo hatupendi kuisoma, na kusema kweli ni sura ngumu yenye damu nyingi. Lakini mstari wa 19 unaagiza kwamba waliotoka vitani wasiingie kambini mara moja. Wakae nje siku saba, wajitakase, siku ya tatu na siku ya saba, hata nguo zao. Wakati tulipokuwa vijana tulidhani ni mambo ya unajisi wa kale tu. Kumbe makabila mengi ya kwetu nayo yalikuwa na desturi ya kumtakasa mtu aliyemwaga damu vitani kabla hajala chungu kimoja na wanawe. Hatusemi tuzirudishe desturi hizo na mbuzi wake. Twasema kwamba wazee wale, na Musa pia, walijua kwamba mwili unaweza kufika nyumbani leo, na roho ikafika baadaye, na kwamba ni kazi ya watu wote kuingoja. Sisi tulimshusha mtu kwenye lori, tukampigia ngoma, tukaenda kulala.

Huyu mzee wetu ndugu zake walimpeleka kwa mganga, maana walisema damu za watu aliowaua zinamfuata. Kanisani nako walikuwapo waliosema ana pepo, na wakataka aombewe kwa kelele. Hapo twaomba mtuelewe vizuri. Sala ni sala, na mafuta matakatifu tumepewa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini mtazameni Eliya katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Alikuwa ametoka katika siku ya damu pale mlimani Karmeli na kijito cha Kishoni, kisha shujaa huyo alikimbia nyikani, akalala chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Mungu alimtuma malaika. Je, malaika alimkemea? Alimtolea pepo? Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kingine. Mahubiri yalikuja siku nyingi baadaye, tena kwa sauti ndogo. Tunaona haya kusema kwamba tulikisoma kisa hiki madarasani kwa miaka 30, tukawauliza watoto jina la mti, wala hatukuona kwamba tunasoma habari za mgonjwa na muuguzi wake.

Tena liko jambo la kutia moyo katika makala zile. Waingereza waliwafuata askari wao wa akiba mpaka miaka karibu mitano baada ya vita. Ile sonona na ule wasiwasi, kwa wengi, ulikuwa umeshuka. Waliokwenda hawakuwa tena na hatari kubwa kuliko wenzao ambao hawakwenda. Kilichobaki ni kiwewe, ambacho bado kilikuwa kama mara mbili, pamoja na magomvi ya ndoa. Basi wengi hupona, ndugu. Wasiopona wanahitaji watu wa kukaa nao muda mrefu, na wake zao wanawahitaji watu hao zaidi.

Hapo juu ya wake hatuna budi kukaa kidogo. Mama yule alibeba usiku wa mvua kwa miaka mingi. Alilima peke yake, alificha pesa ya karo ndani ya debe la mahindi, aliwaambia majirani kwamba mumewe ana pumu ndiyo maana wanatoka nje usiku. Katika Umoja wa Mama alikuwa mwanachama mwenye kadi. Hakuna aliyemuuliza. Wala hatuwalaumu akina mama wa siku zile, maana hata mwalimu wa mtoto wake, aliyeambiwa waziwazi, alitazama saa.

Kwa hiyo Halmashauri ya Parishi imekubali mambo machache, nasi tumeombwa kuyaandika. Katika kila mtaa, wazee wa kanisa watawataja watu waliowahi kwenda vitani, mgambo na wengine, nao watatembelewa. Hawatatembelewa kwa kuhojiwa. Atakayetaka kusema aseme, atakayetaka kunyamaza tunywe naye chai. Vijana wameombwa wasipasue baruti karibu na nyumba za watu hao mkesha wa Mwaka Mpya. Wakitaka kelele ipo kengele ya kanisa, waipige mpaka wachoke. Mtu asiyelala, asiyekula, au aliyeingia katika pombe baada ya kuwa na kiasi, apelekwe zahanati au hospitali ya wilaya kama angepelekwa kwa malaria, maana dawa zipo, na kuzungumza na mtaalamu nako ni tiba. Na mtu akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake hata saa moja. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Tena tuache lile tusi la sokoni la kumwambia mtu "upelekwe Mirembe". Mirembe ni hospitali pale Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na watu wametibiwa humo wakarudi makwao kulima na kulea. Hata hapa karibu, milimani Korogwe, ndugu zetu Walutheri wamewatunza wagonjwa wa namna hiyo pale Lutindi kwa zaidi ya miaka 100. Mtu haoni aibu kusema alilazwa kwa mguu uliovunjika.

Yule mvulana wa darasa la tatu leo ni fundi mwashi, ana wajukuu. Miaka michache iliyopita tulimwendea tukamwomba radhi kwa zile fimbo. Alicheka sana, akasema fimbo alizisahau, kila mwalimu alichapa siku zile. Kisha akaacha kucheka, akatuuliza kama ni kweli mama yake alikuja shuleni. Hakuwa amejua. Tulimweleza alivyosimama na alivyosema, neno kwa neno, naye akageukia ukuta aliokuwa anaujenga akaupiga-piga kwa mwiko mahali ambapo hapakuhitaji kupigwa. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Jina lake tulilisoma mwaka huo tarehe 2 Novemba.

Baba bado yupo. Amezeeka, gongo aliiacha zamani, na handaki limefukiwa. Mwanawe amemwezekea chumba kwa makuti juu ya bati ili mvua isipige kelele. Siku za Ijumaa padre humpelekea Sakramenti, nasi hufuatana naye tukabaki kidogo. Hupenda kutusimulia vita tangu mwanzo: lori, baridi ya Bukoba, viatu vilivyokuwa vidogo, mwenzake aliyekuwa akiimba usiku. Mara nyingi hufika kwenye daraja la Kyaka akanyamaza. Hatumhimizi avuke. Tunamimina chai, tunaangalia kuku wanavyopekua chini ya michungwa, na ikiwa ni masika na wingu linakuja, tunabaki mpaka lipite.